Jicho na Kadi Mbili

"Zima kiyoyozi," Jicho alisema. "Na hiyo feni ya dirishani. Kelele hunichafulia macho."

Bosi akazima mwenyewe, mbio mbio, kama mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu mkuu. Joto likaingia chumbani bila kubisha hodi.

Mezani palikuwa na skrini mbili, moja kulia, moja kushoto. Chini ya meza, boksi mbili za kompyuta, nazo kulia na kushoto, zimefunikwa shuka. Moja ilikuwa na kadi ya picha ya bei poa, yenye kifeni kimoja kinacholia kama mbu. Nyingine ilikuwa na kadi ya bei mbaya, nene kama tofali, feni tatu zinazokoroma kama baba mwenye nyumba aliyeshiba. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini, na ofisi hii ya katuni ilitaka kununua kumi na mbili.

Kesi ilikuwa: zipi?

Fundi wa kompyuta, dada mmoja mwembamba asiyejua kubembeleza, alishikilia kwamba kwa katuni zao kadi ya bei poa inatosha na kubaki. Bosi hakuwa na hakika. Asubuhi ile alikuwa amesema mbele ya watu wote: "Nikinunua zile za juu, meza tatu zitaondoka na wenyewe. Yako ya kwanza, fundi. Usinichukie."

Fundi hakumchukia. Alikumbuka tu chumba chake. Wiki iliyopita alikuwa amehamia kwake, penye ufunguo wake mwenyewe, baada ya miaka minne ya kulala kitanda kimoja na shangazi anayepiga mateke.

Ndipo Jicho akaitwa aamue: akiona tofauti, zinanunuliwa za juu. Hilo jina hakupewa kwa mzaha. Miaka ishirini alikuwa akikagua picha za filamu, na walisema aliwahi kusimamisha kazi ya mwezi mzima kwa unywele mmoja wa farasi. Akishasema, imesemwa. Siku hizi alitembea na mpwa wake wa kike, wa kumbebea mkoba na kumshika mkono kwenye ngazi. Ukubwa nao una raha zake.

Fundi ndiye aliyepanga boksi na kuunga nyaya, haraka haraka, huku bosi akimhimiza kwamba mgeni yuko getini. Akaandika kwenye karatasi kadi ya bei mbaya iko upande gani, akaikunja, bosi akaitia mfukoni. Kisha fundi akainuka kwenye kiti chake, kiti kinacholia kila kikiguswa, akatundika koti lake kwenye egemeo la kiti hicho, akaenda kusimama mlangoni asije akasingiziwa kutoa ishara.

"Mjomba, skrini ni mbili," mpwa alisema, kama karani anayesoma mashtaka. "Kulia na kushoto. Mbuzi anakimbia kwenye mvua. Mwavuli mwekundu. Manyoya mengi."

"Manyoya," Jicho akarudia. "Manyoya hayana huruma kwa kadi dhaifu. Anzeni."

Mbuzi wawili wakakimbia. Bosi akatazama kulia, akatazama kushoto, akakuna kichwa. Kwake walikuwa pacha.

Jicho hakukuna kitu. Aliinamisha kichwa kidogo, viganja viwili vimelala juu ya meza, hapepesi macho. Dakika moja. Mbili. Jasho likamtiririka fundi mgongoni. Chini ya meza mbu alilia, na baba mwenye nyumba akakoroma.

"Ya kulia," Jicho alisema. "Kadi kali ni ya kulia. Kila unywele umesimama na kivuli chake. Huyu wa kushoto mbuzi gani? Huyu ni mfagio wenye pembe."

Bosi akachomoa karatasi, akaikunjua.

"Kulia!" akapiga kelele. "Umeandika kulia! Mzee, wewe si mtu, wewe ni darubini!" Kisha akamgeukia fundi na sauti ikamshuka. "Basi, dada. Umesikia mwenyewe."

Fundi alisikia. Alipiga magoti chini ya meza azime mitambo, maana hata anayefukuzwa hawezi kuacha mashine zinawaka. Akashika waya wa skrini ya kulia, akaufuata kwa kidole. Akaufuata tena.

"Bosi," alisema. "Nimepishanisha nyaya."

"Unasemaje?"

"Boksi kali iko kulia, kweli. Ila waya wake umeenda skrini ya kushoto. Mbuzi wa kulia amechorwa na kadi ya bei poa. Huyo aliyesifiwa."

Fundi akatoka chini ya meza, akarudi mlangoni. Bosi akazama chini ya meza na suruali yake ya pasi, akavuta waya huu, akavuta ule. Kikafuata kicheko.

"Kama Jicho mwenyewe kaupenda mchoro wa kadi ya bei poa, nani mwingine atanicheka? Nanunua hizi hizi! Fundi, meza yako haiendi popote!"

Mpwa hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mkoba kwa nguvu.

Bosi, katika kurudi kinyumenyume, akakigonga kile kiti. Kiti kikalia. Jicho akainuka, uso umejaa tabasamu, akageuka upande ule na kunyoosha mkono.

"Hongera, binti," alisema. "Una mikono ya kazi."

Kitini palikuwa na koti tupu.

Bosi alikuwa angali ameinama, akijikung'uta magoti. Mlangoni fundi akavua viatu, akapita nyuma ya bosi bila mlio hata mmoja, akafika kitini, akaushika ule mkono.