Kandambili za Mama Mkwe

“Vua,” mama mkwe alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Daktari wa Mifugo alikataa.

“Shikamoo, mama. Leo nimekuja kikazi.”

“Marahaba, baba. Vua.” Akamsogezea kwa mguu zile kandambili za rangi ya waridi zilizokuwa zikimngoja getini kila ajapo. Zilikuwa za mkewe alipokuwa msichana. Kila alipozivaa, visigino vyake vilining'inia nyuma, na majirani walishaijua saa ya kuchungulia.

Siku hizi, akiisimulia habari hii mwenyewe, akifika hapa hujiita punda mwenye diploma. Lakini siku ile alikuwa na hasira, tena aliona ana haki. Kwa wiki saba kideri kilikuwa kimeingia nyumba kumi na moja, na kuku walikunja shingo wakafa mikononi mwa wenyewe. Ofisini alibandika ramani, na kila nyumba iliyopatwa akaichoma pini. Ugonjwa haukufuata upepo wala ndege wa mwituni. Uliruka nyumba tatu, ukatua ya nne, ukavuka barabara. “Huu una miguu,” aliwaambia wenzake. Msemo ule aliupenda mno, akaurudia kwenye mikutano miwili.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mchuuzi wa mayai, mwanamke mwenye baiskeli aliyepita kila ua.

“Daktari, mimi naishia getini,” mchuuzi alijitetea. “Mayai naletewa. Huko bandani sijui hata pakoje.”

“Nyani haoni kundule,” Daktari alimjibu, akampiga marufuku. Baiskeli ikakaa wiki mbili imeegemezwa ukutani. Kuku wakaendelea kufa.

Hapo akapata wazo aliloliona la kitaalamu hasa. Kila nyumba ambayo haijapatwa ilipewa daftari na kalamu: mgeni yeyote aingiaye bandani aandike jina na tarehe. Aliyasambaza mwenyewe, akitoka kwenye nyumba iliyofiwa na kuku kwenda kuonya isiyofiwa, siku hiyo hiyo, bila hata kula. Bidii hiyo alitamani sana mkuu wake aione.

Kisha ramani ikamwonyesha jambo. Katikati ya pini zote palikuwa na nafasi tupu, na nafasi ile ilikuwa ua wa mama mkwe. Alikuwa na kuku arobaini, weupe kama unga, na hakuna hata mmoja aliyepiga chafya. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Daktari anamficha mkwewe. Yeye naye akaanza kuwaza, maana kuku anaweza kubeba ugonjwa bila kuugua. Ikithibitika, atalazimika kuwachinja wote arobaini. Kuku wale ndio waliomsomesha mkewe, na tangu mzee afariki ndio waliokuwa wakimtunza mama. Daktari hakulala vizuri siku tatu.

“Mama,” alimsihi pale getini, “nikiingia na kandambili za mwanao watasema mkwe amekuja kusalimia. Leo lazima nionekane afisa.”

Mama mkwe alimtazama kuanzia kofia hadi mabuti ya mpira. Akapisha.

“Haya, afisa.”

Alikagua saa nzima. Alimshika kila kuku, akamfungua mdomo, akapekua chini ya mbawa, akakanyaga kila pembe ya banda akitafuta alichofichwa. Hakukuwa na kitu. Kuku walikuwa wazima kuliko yeye. Alitoka na furaha hata machozi yakamlenga, akakaa barazani, akaletewa maji.

“Ni wazima, mama! Nitalisema mbele ya watu wote.”

“Nilijua,” mama mkwe alisema, akachukua ufagio.

Huku akinywa, Daktari alifungua begi lenye madaftari matano aliyoyakusanya asubuhi ile, akipita banda kwa banda katika nyumba tano za mwisho kupatwa. Sasa mwenye miguu angejulikana. Daftari la kwanza lilikuwa na jina moja tu. La pili pia. Yote matano yalikuwa na mgeni yule yule, siku tano au sita kabla ya kuku wa kwanza kufa, kwa mwandiko wa madaha, na pembeni muhuri wa ofisi.

Daktari akaweka glasi chini.

Mama mkwe alikuwa ameinama mlangoni pa banda. Kuna kitu kilimshinda kufagia, akakiokota, akakileta kiganjani hadi barazani, akakiweka juu ya madaftari. Lilikuwa bonge la tope lenye alama ya soli ya buti, na unyoya mmoja mwekundu umenasa ndani yake.

“Baba,” alisema taratibu, “kuku wangu wote ni weupe.”