Unyayo wa Shija

Tangu ardhi ipumzishwe na watu wote wahamishiwe maghorofani, kila familia hupewa uwanja wa nyumba yake ya zamani, umechorwa kwa kompyuta ukuta mzima. Fundi hupiga picha kipande kimoja cha udongo, akakirudiarudia mpaka kijaze uwanja, viungo visionekane.

Picha ya kwa Nyamizi ilipigwa wakati wa msiba wa mwanawe Shija, na kwao uwanja haufagiliwi mpaka matanga yaanuliwe. Unyayo wake ulikuwa bado mchangani.

“Mama, huu niufute,” fundi alimwambia. “Nikiuacha utajirudia kila mahali.”

“Uache, mwanangu. Uache hivyo hivyo.”

Sasa kila asubuhi Nyamizi huketi na chai yake mbele ya ukuta. Nyayo zimetapakaa uwanja mzima, zote za mguu wa kulia, zote na kidole gumba kilichopinda. Mwanzoni alifurahi, akaona kama mtoto anacheza. Siku hizi macho yake hayabanduki kwenye mlango wa nyumba ya zamani, pale pale ukutani. Nyayo zote zinauelekea. Chai inapoa, na hakuna hata mmoja unaofika.