Mlinzi wa Mlango wa Nyuma

Fundi betri alivua nguo zote nje ya mlango wa nyuma, huku mama yake mzazi amempa kisogo, fagio mkononi kama askari wa zamu.

"Na viatu," mama alisema.

"Nimeshavua."

"Nywele uzisugue vizuri. Sumu inapenda kukaa kwenye nywele."

Alikuwa mtu mzima mwenye mke na ndevu zake, lakini kila jioni ilibidi aoge kwa ndoo nyuma ya nyumba kabla ya kukanyaga sakafu. Kazi yake ilikuwa kupasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mdogo na mnyonge, hana hata nguvu za kunyonya, na hakufikisha mwezi. Sasa mkewe alikuwa mjamzito tena. Safari hii mama mkwe wake, huyu mwenye fagio, alifunga mizigo yake, akahamia kwao, akaapa kwamba mjukuu huyu hatamponyoka.

Masharti yalitoka kwa mkunga wa kliniki. Fundi alale chumba cha mbele, ale peke yake, na nguo zake za kazi azifue mwenyewe katika beseni lake.

"Vumbi la risasi halionekani kwa macho," mkunga alisema. "Mama akilivuta, linaingia kwenye damu yake, na kutoka hapo linamfikia mtoto."

Mama mkwe aliguna. Yeye bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na hakuamini kwamba kuna vumbi la kumpita machoni.

Masharti yalishikwa, lakini kulala mbalimbali kukamwelemea mke. Alikesha akimkumbuka yule wa kwanza, mkono tumboni, moyo ukimwenda mbio. Mashavu yakabonyea. Mkunga alipomwona hakuficha wasiwasi wake.

"Hofu nayo inamdhuru mtoto," alisema. "Mama asiyelala, mtoto hakui vizuri. Mtafutieni kitu cha kumtuliza."

Hilo mama mkwe alilielewa bila kurudiwa. Mimba ya fundi aliibeba mumewe akiwa dereva wa masafa marefu, na alijua kitanda kinavyokuwa kipana mtu akilala peke yake. Akaanza kumkanda mkwewe miguu. Akamsimulia vituko vya utotoni vya fundi, mpaka na kile cha kunasa kichwa kwenye ngazi. Akamshonea na mto mpya, mnene, laini. Juma halijaisha, usingizi ukarudi.

"Namwota mwanao kila nikilala, mama," mke alisema asubuhi moja, uso umemchangamka. "Utadhani yuko hapahapa."

"Mwote tu, mwanangu. Ndoto haina sumu."

Fundi alifurahi kusikia hayo, ingawa yeye mwenyewe aliishia kuongea na mkewe kwa mbali, amekaa juu ya kopo la rangi uani, mke akiwa dirishani. Jioni hiyo alikuwa ameinamia beseni, anapekua.

"Mama, shati langu la bluu silioni. Nililitia humu jana."

"Upepo."

"Upepo gani unachagua shati moja?"

"Uulize ukirudi," mama alisema, na mke akacheka dirishani kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvaa magauni mapana.

Kicheko hicho hakikudumu. Kipimo kilichofuata cha damu ya mke mkunga alikisoma mara mbili. Alitarajia sumu ishuke. Ilikuwa imepanda, tena sana.

"Mtoto anacheza?" aliuliza.

"Si kama zamani," mke alijibu.

Mkunga alimgeukia mama mkwe. "Kuna mlango hamjaufunga hapo nyumbani. Utafuteni kabla hajajifungua."

"Nitaufunga leo," mama mkwe alisema.

Fundi aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake mlangoni, na safari hii fagio alikuwa amelielekeza kwake.

"Umeingia kwake mara ngapi mimi nikisinzia?"

"Sijaingia, mama. Hata mara moja."

"Basi hiyo sumu imepita wapi? Kwenye tundu la kitasa? Nenda ukalale karakanani mpaka mtoto azaliwe."

Fundi alioga, akavaa nguo safi, akabeba blanketi na kwenda karakanani. Alipopita dirishani hakusimama. Mke alimwita, kisha akaanza kulia kilio kile cha siku za kukesha.

Mama mkwe alisikia moyo wake ukichanika. Alimfukuza mwanawe mwenyewe, na angemfukuza tena. Lakini binti huyu asipolala leo, mtoto hana chake.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Nipe huo mto nikautikise, umebonyea."

Nje alilitoa shati la kazi la siku hiyo ndani ya beseni, lingali na jasho, akalikung'uta ukutani mpaka macho yake makali yasione hata punje moja ya vumbi. Kisha akaufumua mto, akalitoa lile la bluu lililokwisha harufu ya mwanawe, akalitia hili, akashona haraka na kumpelekea mkwewe aulalie.