Mguu wa Kahindo

Bomu la tatu lilipoanguka upande wa mtaa wa Majengo, Kahindo alikuwa ameshaingia chini ya kitanda, viganja vimebana masikio, akitikisa mwili na kutoa puani sauti ileile moja. Alikuwa na miaka kumi na tano.

Mama yake akamshika mguu amvute.

Ndipo akamkumbuka daktari. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu daktari huyo ampe jina la hali ya binti yake: otisme, yaani usonji. "Mama, huyu mutoto hana kichwa ngumu," alimwambia. "Makelele inamuumiza kama moto. Usimukokote. Ukae karibu naye, umungoje."

Jirani alichungulia mlangoni, godoro kichwani. "Mama Kahindo, umuvute tuende! Askari batafunga barabara sasa hivi!"

Mama aliutazama mguu ulio mkononi mwake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu siku walipoukimbia mji wao wa Kiwanja, alipomkokota binti huyu hadi barabarani huku akimchapa.

Akauachia mguu.

"Muende," alisema. "Tutabakuta kule mbele."

Akatua mzigo aliokuwa ameufunga mgongoni, akalala kifudifudi kwenye vumbi jeusi, akajisogeza chini ya kitanda polepole, asimguse.

Kutoka pale aliiona miguu ya watu ikipita mbio mlangoni, mingi, kisha michache, kisha hakuna.