Sababu ya Kukataa Chai

Nyaguthii alirudisha kikombe mezani bila kukionja, na mama mkwe wake akanuna.

"Kila ukitoka Kitale kuja hapa Bumula unakataa chai yangu. Ati inanuka moshi?"

Nyaguthii aliutazama utando wa maziwa ukijikunja juu ya chai. Angeweza kusingizia tumbo tena. Badala yake akasema ukweli.

"Si dharau, Mama. Huu ugonjwa wa neva, hii MS, haukulegeza miguu tu. Umeshika kibofu pia. Mkojo ukinibana, haunisubiri nifike chooni. Naogopa kujiaibisha kwako."

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ni hiyo tu? Mimi tangu nimzae bwana yako, nikipiga chafya lazima nibadilishe nguo! Kanisani nafunga leso mbili."

Nyaguthii akaangua kicheko, cha kwanza cha kweli tangu alipougua. Mama mkwe naye akacheka mpaka machozi, halafu akasimama ghafla, magoti ameyabana.

"Wewe, usinichekeshe bana!" akasema, akikimbilia choo nyuma ya migomba.

"Fanya haraka, Mama!" Nyaguthii akamwitia, akiishika fimbo yake. "Na mimi naja!"