Mkono wa Pole

Tangu mumewe Shaibu arudi nyumbani baada ya dozi za dawa ya saratani ya damu, Zuhra alikaa mlangoni na mchi wa kinu. Daktari alishasema: mwili hauna kinga, hata mafua yatamuua.

Akaja Ba'mkubwa Makame, anakohoa.

"Mwanangu anaumwa, nisimpe mkono wa pole? Umemroga nini, mwanamke we?"

"Utampa akipata nguvu, ba'mkubwa. Rudi na kikohozi chako."

Makame alimzaba kofi likamwangusha, akamruka, akaingia. Zuhra akamfuata, akamtandika mchi gotini. Mfupa ukalia kacha!

Ba'mkubwa akaanguka kando ya kitanda, anapiga mayowe, mkono kaunyoosha. Shaibu, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaanza kunyoosha wake.

Zuhra akauinua mchi tena, juu ya mikono yote miwili.