Seli Tano

"Kitupwe," daktari alisema, jicho bado liko kwenye hadubini.

Bi Hadubini, kama walivyomwita fundi wa maabara aliyebakiza miezi miwili astaafu, hakukigusa kisahani. Ndani yake mlikuwa na kiinitete cha siku tatu, mimba iliyotungiwa maabarani, cha mwanamke aliyeketi kwenye benchi la nje akikunja na kukunjua leso. Hicho kikitupwa, hana kingine, wala umri wa kuanza upya.

"Seli tano badala ya nane," daktari aliendelea. "Tena zione! Mbili kubwa, tatu chenga. Hata kikishika, atatoka mtu wa namna gani?"

Wasaidizi wawili walicheka. Daktari huyu kijana alikuwa na wiki ya tatu tu kama mkuu wa kliniki. Kazi aliijua kwelikweli, ila salamu aliitoa kwa kijiko, kama dawa ya kikohozi. Shikamoo yake Bi Hadubini alikuwa hajaisikia hata siku moja.

"Mpandikizie tu, daktari. Nimewahi kuona kibaya kuliko hiki kikawa mtu."

"Uliota, bibi. Au miwani ndiyo imezeeka?"

Wakacheka tena. Bi Hadubini aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka yote hiyo kazini, leo anachekwa na watoto aliowafundisha yeye hata kushika kisahani! Alivuta droo, akatoa picha iliyopauka ya kiinitete cha zamani, kisha akasita. Aliapa kutomwonyesha mtu picha ile, na aibu ya kuvunja kiapo ilimuuma kuliko kicheko. Lakini mlango ulikuwa wazi, na leso ya yule mama ilikuwa imelowa.

Akampa daktari.

Daktari aliguna. "Seli nne! Nani alirudisha uchafu huu tumboni?"

"Mimi. Mama yake alinililia. Mkuu wa wakati huo alinifokea hadi nikatamani ardhi ipasuke."

"Ikawaje?"

"Akazaliwa mtoto wa kiume."

"Mzima?"

"Mzima. Kasoma sana. Adabu tu ndiyo inachelewa, kama seli zake."

Neno lilikwisha kumtoka. Akauma ulimi, akainamisha kichwa. Wasaidizi walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka, na daktari akaanza kuigeuza picha.

"Usigeuze, daktari, nakuomba. Nyuma kuna jina la mama yake. Nilimwahidi."

Aligeuza. Akasoma, akasogea dirishani, akasoma tena.

"Mwandaeni yule mama wa nje," alisema hatimaye. "Tunampandikizia leo."

Kisha akamrudishia Bi Hadubini picha kwa mikono miwili, macho yake yako sakafuni.

"Shikamoo, mama."